Ile Saa ya Amri Niliyoing'oa Baharini

Jumanne, 4 Machi

Leo amekuja mama mmoja klabuni. Nilikuwa chini ya kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi hewa, miguu nje, mafuta usoni. Nikasikia sauti ikiuliza kama hapa ndipo wanapokaa wapiga mbizi. Nikajibu kwamba wengine wanakaa, mimi nimelala. Hakucheka. Nikajua ni mwalimu kabla hajasema. Mstaafu, lakini ukinyamaziwa na mwalimu unarudi darasa la nne papo hapo, hata kama una miaka hamsini na minne na kitambi.

Alitaka kuiona ile saa ya amri iliyotoka kwa Bibi.

Bibi ndiyo ile meli iliyozama. Ndivyo tunavyoiita sote hapa klabuni. Na saa ya amri si saa, ni jina tu tulilolizoea. Ni nguzo ya shaba iliyokuwa kwenye chumba cha usukani, juu yake uso wa duara: Mbele Kasi, Mbele Polepole, Simama, Nyuma Polepole, Nyuma Kasi. Nahodha anasukuma mkono, kengele inalia, na kule chini kwa fundi wa injini, kwenye saa pacha, mshale unakwenda vilevile. Fundi anajibu kwa mkono wake, na mshale wa pili huku juu unafuata. Mishale miwili ikikutana, basi amri imesikika.

Ile ya juu ipo sebuleni kwangu. Miaka kumi na tisa sasa. Klabu ina desturi yake: ukitimiza mbizi mia kwa Bibi unaruhusiwa kuchukua kitu kimoja. Kumbukumbu ya Mia, tunaiita. Ukuta wa klabu umejaa: sahani, taa, makufuli, kiatu kimoja cha kike. Mimi na shemeji yangu Nanga tulitimiza mia siku moja, tukaunganisha zawadi zetu, tukachukua kitu kikubwa.

Mama akaniambia baba yake ndiye aliyekuwa fundi wa injini. Alibaki chini, yeye na wengine thelathini. Nahodha aliokoka. Akaiambia tume kwamba alitoa amri ya Nyuma Kasi mapema kabla ya mwamba, na fundi hakujibu — amelala, amelewa. Tume ikaandika hivyo. Miaka hamsini na miwili yeye ni binti wa mlevi. Baba yake, anasema, hata dawa ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza.

Hakulia. Aliuliza swali moja tu. Mlipoikuta, mishale ilikuwa wapi?

Nikasema nitaangalia.

Nitaangalia! Utadhani imeandikwa mahali.


Jumatano, 5 Machi

Nimeangalia. Mishale yote miwili iko Simama.

Iko Simama kwa sababu mke wangu huiweka Simama kila anapopangusa vumbi. Anasema ikikaa Mbele Kasi inamtia wasiwasi, nyumba ina ngazi. Na kabla yake watoto wetu, na watoto wa majirani — hakuna mtoto mtaa huu ambaye hajawahi kuwa nahodha sebuleni kwangu. Na kabla ya wote, mimi. Mishale ilikuwa imegandana, gamba la chokaa limeifunika kama ukoko wa sufuria. Nikaiponda kwa nyundo ndogo. Nikailoweka kwenye tindikali. Nikatia mafuta. Nikasukuma mkono, ukagoma, nikasukuma tena — kling! Nakumbuka nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akaja kuuliza timu gani imefunga.

Nikatafuta shajara ya mwaka ule. Ninazo zote, kwenye sanduku chini ya kitanda. Nikaipata siku yenyewe! Najinukuu mimi mwenyewe: "Tumeitoa! Nanga alitapika. Kinyago kilivuja. Nilisahau soksi, visigino vimechubuka. Mkate ulikuwa mgumu."

Basi. Mstari mmoja tu ningeandika. Nimeandika soksi.

Mke wangu akaniuliza: hukuiona mishale, au uliiona hukuiangalia? Akaendelea kumenya viazi.


Ijumaa, 7 Machi

Nimemwuliza Shemeji. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, na ndiye mwenyekiti wa klabu. Wote wanamwita Nanga, kwa sababu siku yake ya kwanza alifika chini kabla hajaamua kwenda.

Anakumbuka vizuri sana, anasema. Ilikuwa Mbele Kasi, yote miwili. Nikamwuliza una hakika? Akasema, "Shemeji, wewe ungependa iwe wapi?"

Ndiyo Nanga huyo. Akaniambia kaa chini nikupe akili. Nahodha keshakufa. Mama wa watu ni mzee. Mwambie ilikuwa Mbele Kasi, maana yake nahodha hakutoa amri yoyote ya kurudi nyuma, fundi alifuata alichoambiwa. Anafurahi, anakwenda zake, hakuna aliyeumia.

Nakiri hapa, maana hapa hakuna anayesoma: nilitamani. Nilifika nusu ya njia ya kukubali. Kisha nikamwona yule mama akiondoka na neno langu mkononi, analitembeza kwa ndugu zake, na neno lenyewe nimelitoa mfukoni mwa Nanga.

Nikamwambia tumeshamwibia mara moja, hatutamwibia mara mbili.

Akawaka! Tumeiba? Tumeokoa! Bahari ingeila. Nani alikuwa anaitazama kule chini, samaki? Kila mwaka Bibi anabomoka kidogo, dari la chumba cha usukani limekwishaanguka, ingekuwa vipande leo. Na watoto wangapi wamejua habari za meli ile kwa sababu ya sebule yangu?

Yote kweli. Ndiyo inayoudhi. Nanga akiwa na makosa hunishinda kwa makelele, akiwa na haki hunishinda mara mbili. Lakini hakunijibu hili: tumeokoa shaba, na lile tu ambalo shaba ilikuwa inalijua ndilo tumelimwaga.


Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu. Ghorofa ya tatu, nimefika juu nahema kama nimetoka kuzaa. Chumba kimoja cha mbele, meza yenye kitambaa cha plastiki, kalenda ya duka la dawa, redio imefunikwa taulo. Ukutani baba yake, ovaroli, mikono imekunjwa. Kijana kuliko mimi! Sikutegemea. Nilikuwa namfikiria mzee.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ikatoka sentensi tatu. Mishale niliisogeza mimi. Sikumbuki ilipokuwa. Samahani.

Akauliza, "Uliisafisha kwa nini?"

"Ing'ae, Mwalimu."

"Ikang'aa?"

"Iling'aa."

"Haya."

Nimegombezwa mara nyingi maishani. Hakuna mara iliyoniingia kama hiyo haya.

Akanimiminia chai. Akauliza kama vile anauliza bei ya sukari: na ile pacha yake, ya chini, iko wapi? Nikasema bado iko chumba cha injini. Hakuna aliyeing'oa, si kwa adabu — mlango wa kushukia ni mwembamba na sisi tumenenepa. Akanitazama kitambi. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Nikamwahidi nitakwenda kuitazama. Kutazama tu. Mikono mfukoni.

"Suti za kuzamia zina mifuko, mwanangu?"

Hazina. Lakini nitakwenda.


Jumanne, 11 Machi

Nimeipeleka saa makumbusho. Jirani mwenye pikapu kanisaidia. Sebuleni pamebaki duara jeupe sakafuni, safi kuliko nyumba nzima. Mke wangu kalitazama akasema sasa ndiyo naona jinsi tunavyoishi.

Makumbusho nimepokewa na binti mwenye koti jeupe na mabuti ya mpira. Chumba chake kimejaa ndoo, kila ndoo ina kitu kimelowekwa na kadi ya tarehe, kama wodi. Nimempa jina: Daktari wa Vyuma. Akaizunguka saa yangu mara mbili. Akauliza nilitumia tindikali gani. Nilipomtajia akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia msiba.

Kisha karatasi. Imetoka wapi, lini, nani aliitoa. Nikaandika jina langu. Mstari wa pili unauliza: pamoja na nani? Kalamu ikasimama. Nikamwambia huyo ataandika mwenyewe. Akasema sawa, lakini mstari hautajifuta.

Nikamweleza ya pacha. Akachangamka! Atakwenda na mimi, anazamia vizuri, kibali anacho. Masharti: hatung'oi, hatukwangui, hatugusi. Tunapiga picha. Kama gamba limefunika mishale, basi itabidi kuazima mashine ya kupiga picha za ndani, kama zile za hospitali, na wenye mashine wana foleni ndefu.

Nikamwuliza, na tukigonga gamba kidogo tu? Kipande cha ukubwa wa kidole?

Akanieleza polepole, kama mtu anayejua anazungumza na nani. Gamba lile ndilo shahidi. Limeota juu ya mishale tangu meli izame, halijavunjika. Ukipiga picha ya ndani ukaukuta mshale mahali, hakuna mtu duniani atakayesema umeusogeza. Ukilivunja, hata ukiwa mkweli kama malaika, ndugu wa nahodha atauliza: nani alikuwa na nyundo?

Nami nimo kwenye karatasi yake kuwa ndiye mwenye nyundo.


Ijumaa, 14 Machi

Mkutano wa klabu. Nimesimama nikapendekeza Kumbukumbu ya Mia ife, na vya ukutani viende makumbusho. Kabla sijakaa pakalipuka. Mmoja kule nyuma: "Umeshiba ndiyo unafunga jiko!" Vicheko. Nimecheka pia, maana amesema kweli. Mwingine ana mbizi tisini na saba. Tisini na saba! Amenitazama kama nimemvunjia harusi.

Nimewasimulia habari ya Mwalimu. Yule mwenye kile kiatu cha kike ameinuka, amekishusha ukutani, amekifunga kwenye gazeti. Wawili wamemfuata.

Nanga hakupinga kwa makelele leo. Alisema kwa upole — na upole wake naogopa zaidi — kwamba tukiitangaza saa ya chini, mwezi ujao watakuja wazamiaji wasio na klabu wala aibu, wataing'oa. Kwa hiyo aliye na mapenzi na yule mama aitoe sasa.

Kura: kumi na mmoja wamekataa pendekezo langu, saba tumekubali. Nimeshindwa.

Nikainuka tena. Nikasema sawa, desturi ni yenu. Lakini kompresa naiendesha mimi. Anayekwenda kwa Bibi na nyundo, mtungi wake sitaujaza.

"Mzee wa Hewa amepata serikali!" wakapiga meza. Nanga hakupiga.

Nyumbani chai imetua mezani kwa kishindo. Kaka yake amempigia simu kabla sijafika. Nimekunywa kimyakimya kama mgeni.


Alhamisi, 20 Machi

Mlango wa chumba cha injini: sentimita hamsini na tano, kwa mujibu wa michoro ya Daktari wa Vyuma. Mke wangu ametoa utepe wa ushonaji, akanipima nikiwa na suti na mtungi. Nambari siiandiki. Amecheka mpaka amekaa chini, na mimi nikacheka, na ndiyo mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nitavua mtungi mlangoni na kuusukuma mbele yangu. Inawezekana. Nimejaribu mara nne chini ya meza ya jikoni.

Akasema akifunga utepe: kaka yangu mkaidi, mume wangu mkaidi, nimeolewa kati ya nyundo mbili. Nikamwambia mimi nyundo nimeitupa. Akasema nyundo umeitupa, hujui kwamba wewe ndiye mpini.

Sijaelewa. Imeniuma lakini.


Jumamosi, 22 Machi

Tumekwenda.

Nanga ameendesha boti — yeye ni mwenyekiti, boti ni ya klabu, hakuna wa kumzuia. Mwalimu amekuja na kofia pana na mkoba kifuani. Hakuwahi kufika pale. Boti iliposimama akauliza ni hapa? Nanga akazima injini, akasema ndiyo, mama, ni hapa. Alisema vizuri. Nimwekee hilo kwenye hesabu yake.

Chini, maji yalikuwa na mwanga. Mimi mbele, Daktari wa Vyuma nyuma na kamera. Mlangoni nikavua mtungi, nikausukuma, nikabana tumbo, nikakwama — bila shaka! — akanisukuma kwa mguu kama anafunga kabati. Nikapita.

Ndani kimya. Vumbi laini kila mahali, ukipumua vibaya linainuka huoni kitu. Nikapumua kidogo. Ngazi ya chuma. Benchi la fundi, juu yake spana tatu zimepangwa kwa ukubwa. Zimepangwa! Zimegandana hapo hapo, ndogo, ya kati, kubwa. Nimeziangalia muda mrefu. Safari hii nimeangalia.

Na saa. Ukutani, mahali pake, uso wa duara kama mkate ulioumuka. Gamba lote. Hakuna herufi, hakuna namba. Lakini nikisogeza taa pembeni naona tuta, tuta jembamba chini ya gamba, linatoka katikati kwenda... Siandiki. Kwa sababu sijui. Ukiangalia kushoto unaona linakwenda kushoto. Unaona unachotaka, kama Nanga.

Kisu kilikuwa mguuni kwangu. Gamba kuukuu linakatika kama kaukau za viazi. Mguso mmoja. Pigo moja, na ningepanda juu na jibu.

Nimeweka mikono kwapani. Daktari wa Vyuma amepiga picha zake, upande huu, upande ule. Nikatoka kinyumenyume.

Juu nimeshika ubavu wa boti. Mwalimu ameinama mpaka kofia ikaanguka majini.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Mwalimu. Ipo mahali pake. Mishale imefunikwa."

Daktari wa Vyuma akamweleza: mashine, foleni, mwaka mmoja, pengine miwili. Akamweleza na sababu. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho kama anayesahihisha insha. Kisha akasema ana miaka sabini na mmoja, na daktari wake wa moyo amemshauri asinunue kalenda kubwa.

Nanga akaokota kofia kwa ndoano, akaikamua, akampa. Njia nzima ya kurudi walikaa pamoja nyuma. Sikusikia waliyozungumza, injini ilikuwa inanguruma.


Jumapili, 23 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandikia klabuni, chumba cha kompresa. Nimefunga komeo. Mlango ni wa wavu, kwa hiyo wananiona kama mnyama wa maonyesho, nami nawaona.

Nanga amefika kabla ya saa mbili. Ameweka mitungi yake miwili mbele ya mlango, mitupu. Juu yake mfuko wa zana, na ninajua kilichomo kwa sauti uliyotua nayo. Nikamwambia hapana, Shemeji, mkutanoni nimesema na leo nasema. Hakubishana. Akasogea pembeni.

Nyuma yake alikuwa Mwalimu.

"Jaza, mwanangu."

Yeye! Si Nanga. Yeye.

Nikamweleza tena. Gamba ndilo shahidi, likivunjwa hakuna atakayeamini, si tume, si magazeti, si ndugu wa nahodha. Na atakayelivunja ni Nanga, mwizi mwenzangu wa ile ya kwanza. Akanisubiri nimalize. Akasema tume hana haja nayo. Magazeti hana haja nayo. "Sitaki waamini. Nataka mimi nijue."

Nikasema kuna jamaa wa wale thelathini wengine, na wao wanasubiri, jibu lile si letu peke yetu. Akasema hao amesubiri nao miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyewahi kumwambia jibu ni la wote siku alizokuwa akiitwa binti wa mlevi.



Nilimtolea mtu ushahidi wake ndani ya bahari, nikaupiga msasa, nikawapa watoto wauchezee. Sasa mtu yuleyule anaomba kitu kimoja, na kumpa ni kazi ya dakika ishirini, bomba na swichi. Nami ndiye nimeketi hapa kumkataza! Mimi, kati ya watu wote. Nanga amesema hilo kwa sauti, ili nisikie. Nimesikia. Hata kama ana haki, ufunguo wa swichi uko shingoni kwangu, na nikimpa leo nitakuwa nimeisogeza mishale kwa mara ya pili. Hilo moja ninalijua. Mengine yote siyajui.

Nimempigia Daktari wa Vyuma. Anasema atawapigia wenye mashine leo hii, Jumapili au si Jumapili, atawaambia habari ya moyo. Hakuahidi. Nimependa kwamba hakuahidi.

Nimemwambia Mwalimu hapana mara ya pili, nikamweleza na hiyo simu. Nanga amepiga teke mtungi mmoja, umebingirika mpaka getini. Mwalimu hajageuka kuutazama. Hajaondoka pia. Amesema atangoja hapo hapo mpaka nichoke. Nikamwambia jua linapanda, Mwalimu, utaumia. Akauliza kama kuna kiti.

Kiti ni kimoja tu humu ndani. Nimefungua komeo, nimekitoa, nimekifuta mafuta kwa shati langu. Ameketi, mkoba kifuani, uso kwangu. Nimerudi ndani. Komeo nimefunga tena.

Naandika nimesimama, daftari limebanwa ukutani. Kila nikiinua macho ananitazama. Anauliza naandika nini.